Kuku, Punda na Paa: Udadisi wa Wanyama katika Hadithi za Kiswahili na Thamani Yake kwa Waandishi wa Juru, Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza udadisi wa wanyama katika hadithi tatu zinazofahamika Afrika Mashariki: ngano ya kuku aliyepoteza sindano, Kisa cha Punda wa Dobi na Kisa cha Sultani Darai. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wa Kiswahili umemsoma mnyama mno kama kinyago cha binadamu, hata ukapita kando ya jambo ambalo watambaji waliliona mwanzo: mnyama anayetazama, anayenusa na anayechakura. Hadithi hizi tatu, zikisomwa kwa jicho hilo, zinatoa hukumu tatu tofauti juu ya haki ya kuuliza. Hukumu hizo zina uzito wa pekee Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako wengi wamezoea kuulizwa kuliko kuuliza, na ambako majina ya wanyama yana historia ya kutumiwa kuwavua watu utu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa walimu, wachapishaji na washauri wa sera za lugha.

1. Utangulizi

Makazi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, na wakazi wake wa awali walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kuelekea uhuru. Leo yamegawanyika katika kanda tatu, Base Camp, Rubondo na Juru, na ndani yake wanaishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na watu wa mataifa mengine. Kiswahili, ambacho wengi walifika nacho kutoka Kivu na nchi jirani, kinawavusha watu hawa kutoka ua mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa sera ya Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi, maisha ya Juru ni maisha ya shamba na mifugo midogo: mbuzi, kuku na bata hukaa karibu na mtu kiasi kwamba hakuna asiyezijua tabia zao. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hapa imekuwa sera ya serikali.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, kwa kufuata uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka huohuo. Swali la nini kitaandikwa kwa Kiswahili magharibi mwa Uganda, na nani atakiandika, limetoka basi kwenye mijadala ya wapenzi wa lugha likaingia kwenye meza za wapangaji. Hata hivyo, wadau wanapotafuta maandishi kutoka makazi ya wakimbizi, mara nyingi huomba kitu kimoja: kisa cha kukimbia. Ombi hilo lina nia njema, lakini linamrudisha mwandishi kwenye kiti alichokwisha kukalia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliunda kamati ya kupima ustahiki wa waombaji hifadhi, na mwombaji ambaye shauri lake huamuliwa peke yake hulazimika kueleza kwa mpangilio alikotoka, alichokiona na sababu ya kuondoka. Mtu wa namna hiyo amekwisha kusimulia. Anachokosa ni nafasi ya kuuliza. Makala haya yanadai kwamba fasihi ya Kiswahili ina hazina ya zamani inayoweza kumpa nafasi hiyo, nayo ni udadisi wa wanyama.

2. Mnyama mdadisi, katika lugha na katika sayansi

Kiswahili kina maneno mengi ya kutafuta kujua, na kila neno lina hadhi yake. Udadisi husifiwa, udaku hulaumiwa, upelelezi huogopwa, uchunguzi huheshimiwa. Neno lenye historia nzito zaidi katika orodha hii huenda ni kupekua. Askari hupekua nyumba, mtafiti hupekua nyaraka, naye kuku hupekua ardhi. Kitendo cha kuku kuchakura taka kwa miguu, arudi nyuma hatua moja, ainamishe kichwa na kutazama kilichofunuka, kimewapa askari na mtafiti kitenzi chao. Lugha imehifadhi ushahidi kwamba Waswahili walijifunza sura ya utafutaji kwa kumtazama ndege wa uani.

Sayansi ya karne iliyopita ililifikia jambo hilo kwa njia yake. Ivan Pavlov, aliyekuwa akichunguza mbwa, alieleza mwitikio aliouita wa "Nini hiki?": mnyama huacha analolifanya na kugeuzia masikio na macho yake kwenye jambo jipya. Mwaka 1953 Robert Butler, nchini Marekani, alionyesha kwamba nyani waliofungiwa ndani ya sanduku walijifunza kutofautisha rangi bila kupewa chakula. Ujira wao ulikuwa dirisha kufunguliwa kwa muda mfupi ili watazame nje. Mwaka 1966 Stephen Glickman na Richard Sroges walichapisha utafiti ambamo wanyama zaidi ya 200 wa bustani za wanyama walipewa vitu wasivyovijua, kama vipande vya mbao, mnyororo na mpira. Jamii ya nyani na wanyama walao nyama walivishughulikia sana. Watambaazi walivijali kidogo. Udadisi, kwa hiyo, hauko sawa kwa viumbe wote, na hautokani na njaa peke yake.

Mfano wa karibu zaidi uko Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbele ya milima ya Kongo na si mbali na mpaka wa Burundi. Jane Goodall alifika huko Julai 1960. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akiingiza jani la nyasi katika kichuguu ili kuvua mchwa. Sokwe huyo, aliyempa jina la David Greybeard, ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kuizoea kambi ya binadamu na kuingia kuchukua ndizi. Wanasayansi wa Cambridge walimlaumu Goodall kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Kwa mwandishi, lawama hiyo ina somo: udadisi wa mtazamaji ulizaa matunda pale alipokubali kwamba anayetazamwa naye anatazama, na kwamba kila mmoja hutazama kwa namna yake.

3. Kuku: udadisi uliogeuzwa deni

Ngano ya kuku na mwewe, ambayo mahali pengine husimuliwa kwa tai, inatambwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Kuku aliazima sindano kwa mwewe, akaipoteza. Tangu siku hiyo yeye na wanawe huchakura ardhi wakiitafuta, naye mwewe hushuka kuchukua vifaranga kama malipo. Darasani hadithi hii hufundishwa kama onyo la kutunza kitu cha kuazima, na somo hilo ni la haki. Lakini mtambaji alianza na swali jingine: kwa nini kuku hachoki kuchakura hata baada ya kushiba? Hilo ni swali la mtu aliyetazama kwa muda mrefu. Akalijibu kwa kuugeuza udadisi kuwa deni. Katika ngano hii kuku hatafuti kwa kupenda. Anatafuta kwa sababu anadaiwa, na kizazi chake kitadaiwa bila kikomo kwa kosa ambalo hakikulitenda.

Hapa ngano inagusa hali ya Juru kuliko inavyodhaniwa. Mtoto aliyezaliwa katika makazi hurithi hali ya ukimbizi kama kifaranga anavyorithi deni la sindano. Anatafuta maisha mahali ambapo utafutaji wake husomwa kama dalili ya upungufu. Methali inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo ndiyo inayoamua eneo analoweza kulichakura. Mwandishi wa Juru anayeirudia ngano hii ana uamuzi wa kufanya: aache deni lilipo, au amruhusu kuku apate kitu kingine katika taka, kitu ambacho mwewe hakukiazimisha. Ngano yenyewe haimzuii, kwa kuwa haikueleza kuku hupata nini wakati sindano haipatikani. Mtu yeyote mwenye kuku anajua kwamba hupata mengi.

4. Punda: kukosa masikio

Kisa cha Punda wa Dobi kimo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870. Kisa hiki kimo ndani ya kisa kingine. Papa anamchukua kima mgongoni kumpeleka kwao, na wakiwa majini anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba mioyo yao huiacha nyumbani, mtini. Papa anamrudisha, naye kima anapanda juu na kukataa kushuka. Kisha anamsimulia papa habari za punda. Sungura alimshawishi punda aende kwa simba mgonjwa. Punda akajeruhiwa, akakimbia. Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu, punda akarudi na kuuawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, na simba alipoviulizia, akaambiwa kwamba punda huyu hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Usomaji wa mazoea huweka kisa hiki katika fungu la hadithi za ujanja wa sungura na kumwona punda kama mpumbavu. Wengine humchukulia kama onyo kwa wanaotaka kujua yasiyowahusu. Maandishi hayakubaliani na usomaji huo wa pili. Viungo vinavyotajwa kukosekana ni masikio na moyo, yaani vyombo vya kusikia na kutafakari. Punda alikuwa na jeraha, nalo lilikuwa habari tosha, hakulihoji. Alikufa kwa udadisi uliopungua. Kima, aliyesikia jambo moja na kulifanyia kazi papo hapo, alipona, na alipokwisha kupona akawa msimulizi. Mpangilio wa hadithi ndani ya hadithi unasema wazi kwamba anayeuliza kwa wakati ndiye anayebaki hai ili asimulie. Watu waliovuka mipaka usiku kwa kusoma mienendo ya mbwa na ukimya wa ndege hawahitaji kufafanuliwa hilo. Kwao udadisi ni kinga kabla ya kuwa pambo la fasihi.

5. Paa: utajiri na gharama ya kuacha kutazama

Mkusanyiko huohuo wa Steere una Kisa cha Sultani Darai, hadithi ambayo makala haya yanaiona kuwa kazi kuu ya Kiswahili juu ya udadisi wa mnyama. Maskini mmoja, Hamdani, anaishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za nafaka, na hadithi inamfananisha moja kwa moja na kuku. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Paa anakwenda porini kujitafutia malisho, na katika kuchimbachimba ardhi anaona almasi. Anaipeleka kwa sultani kwa niaba ya bwana wake, akitanguliza habari za bwana huyo kama mtu mkubwa, na kumposea binti wa sultani. Kisha anakwenda mbele peke yake, anafika kwenye nyumba kubwa, anamhoji bibi kizee aliyemo, anamsubiri nyoka wa vichwa saba na kumuua. Bwana anaingia katika nyumba hiyo kama mwenyewe.

Wahakiki wamezoea kuiweka hadithi hii katika fungu la mnyama msaidizi, na kuihitimisha kwa fadhila na utovu wa shukrani. Uainishaji huo ni sahihi, ila haulezi mwendo wa hadithi. Kila hatua ya utajiri inatokana na paa kutangulia mahali asipopajua na kuuliza. Mtu na paa wanaanza kwa tendo lilelile la kuchakura. Tofauti ni kwamba mtu huchakura akitafuta punje anazozijua, na paa huchimba bila kujua atakachokikuta. Almasi haikuwa katika orodha ya mahitaji ya yeyote.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayoipa hadithi ukatili wake. Paa anaugua. Anatuma watu kumwambia bwana wake, tena na tena, naye bwana anaamuru apewe uji duni. Hatoki kwenda kumwona. Mkewe anamsihi, anakataa. Paa anakufa, anatupwa kisimani, watu wanalia. Hatimaye mtu yule anaota kwamba yuko jaani akichakura, na anapoamka anajikuta yuko jaani. Kosa linaloadhibiwa si kukosa kulipa fadhila pekee. Bwana amekwisha kupata kila kitu, na kwa hiyo ameacha kutazama. Hata umbali wa chumba hadi chumba umemshinda. Siku alipoacha kutaka kujua hali ya paa, alirudi kuwa mtafuta punje. Hadithi ya mwaka 1870 inampa mshauri wa sera wa leo kipimo kikali: taasisi inayopokea ripoti kuhusu mgonjwa bila kwenda kumtazama imekwisha kuanza safari ya kurudi jaani.

6. Hatari ya kinyago

Huenda ikadaiwa kwamba mnyama wa hadithi hajawahi kuwa mnyama. Ni mtu aliyevikwa ngozi. Kuna kazi zinazothibitisha dai hilo. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, haisomeki bila kumwona mtawala katika nguruwe. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, manyani wawili ni ndugu wa kuzaliwa wa Adili waliogeuzwa kwa makosa yao. Katika kazi hiyo udadisi wote ni wa binadamu: ofisa wa mfalme anamwona Adili akiwapiga manyani usiku, habari zinafika kwa mfalme, na Adili analazimika kusimulia. Kisa kinatolewa kwa amri ya mamlaka, na manyani hawaulizwi. Ustadi wa Shaaban Robert hauna shaka. Hata hivyo muundo huo, wa kisa kinachotolewa mbele ya kiti cha enzi, ni uleule ambao mwandishi wa Nakivale anahitaji kuutoka.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutahadhari. Katika eneo la Maziwa Makuu mnyama kama kinyago cha kundi la watu ana damu mikononi. Neno la Kinyarwanda inyenzi, yaani mende, lilitumiwa miaka ya 1960 kwa wapiganaji waliotoka uhamishoni, na mwaka 1994 propaganda, ikiwamo ya redio ya RTLM, ikalisambaza kwa Watutsi wote. Nyoka naye alitumiwa hivyohivyo. Katika darasa la Juru lenye watoto wa mataifa manne, mwalimu anayeuliza "fisi katika hadithi hii ni nani?" anaweza kupata jibu ambalo hakulitarajia: jina la kabila la jirani. Usomaji wa kinyago, ambao Dar es Salaam au Mombasa ni zoezi la kawaida, hapa unaweza kufungua kidonda.

Mnyama mdadisi anapunguza hatari hiyo kwa sababu anarudishiwa umnyama wake. Fisi anayenusa sufuria iliyoachwa nje usiku hawakilishi kabila lolote. Mbuzi anayelionja shati lililoanikwa kwa midomo, akaliacha, akalirudia, hana upande katika vita. Msomaji wa taifa lolote anaweza kuuingia mtazamo wake bila kulazimika kwanza kusema yeye ni nani.

7. Thamani kwa mwandishi wa Juru

Thamani ya kwanza ni ya kiufundi. Udadisi humpa mwandishi tukio kabla ya kumpa maana. Mnyama akikutana na kitu kipya husita, hukaribia, hurudi nyuma, hugusa. Mpangilio huo tayari ni muundo wa hadithi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nayo methali hiyo inaeleza vizuri mvutano wa mvuto na hofu unaoiendesha simulizi nzuri. Mwandishi chipukizi anayefuata hatua za bata anayelikagua dimbwi jipya hujifunza kuchelewesha jibu, jambo ambalo wasia na hotuba havimfundishi.

Thamani ya pili ni ya kilugha. Wasemaji wengi wa Kiswahili cha mashariki ya Kongo hutumia neno nyama kwa maana ya mnyama pia, ambapo msemaji wa Tanzania hutenganisha nyama na mnyama. Kumwandika kiumbe kwa makini huibua tofauti za namna hiyo bila aibu, kwa kuwa kila mmoja huleta jina na kitenzi cha kwao. Msamiati wa Kiswahili cha magharibi mwa Uganda unaweza kujengwa uani kabla ya kuletewa katika kamusi.

Thamani ya tatu iko kwa wenyeji. Bahima wa Ankole, ambao Mbarara ni mji wao mkuu, wana majigambo ya kishujaa na ya mifugo ambayo H. F. Morris aliyakusanya katika kitabu cha mwaka 1964. Lugha yao hutofautisha ng'ombe kwa rangi na kwa umbo la pembe kwa utajiri mkubwa wa majina. Bihogo, kwa mfano, ni ng'ombe wa wekundu uliokolea. Sanaa hiyo ni ya watu waliomtazama mnyama mpaka wakamwona mmoja mmoja. Mwandishi wa Kiswahili anayeishi Juru ana walimu nje ya uzio wa makazi, na somo lao halimtaki awe na ng'ombe. Linamtaka atazame.

Pingamizi moja linastahili jibu. Inaweza kuonekana kwamba kumhimiza mkimbizi aandike juu ya mbuzi na kuku ni kumwondoa kwenye madai yake ya haki. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama udadisi ungekuwa mbadala wa ushuhuda. Ushuhuda ubaki, na anayetaka kuutoa autoe. Kinachopingwa hapa ni kuufanya ushuhuda kuwa mlango pekee wa kuingilia katika fasihi. Mtu anayeruhusiwa kuandika tu juu ya aliyotendewa amebaki mikononi mwa aliyemtenda.

8. Hitimisho na mapendekezo

Hadithi tatu zilizochunguzwa zinauona udadisi wa mnyama kama deni, kama kinga na kama utajiri. Hakuna inayouona kama mchezo. Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. Walimu wa Kiswahili katika shule za makazi waanze somo la hadithi za wanyama kwa swali la anachofanya mnyama kabla ya swali la anayemwakilisha. Waandaaji wa mashindano ya uandishi kwa wakimbizi wafute sharti, liwe la wazi au la kimyakimya, la kusimulia safari ya kukimbia. Vyuo vya Mbarara vinavyoandaa walimu vikutanishe wanafunzi wao na watambaji wa Nakivale na wafugaji wa Ankole, na kuandika msamiati wa wanyama wa pande zote. Wahariri wa vitabu vya ziada wairejeshe Kisa cha Sultani Darai kwa wasomaji wa shule pamoja na mwisho wake wote, bila kulainisha kifo cha paa.

Gharama ya mapendekezo haya ni ndogo, kwa kuwa malighafi yake iko tayari katika kila ua wa Juru. Kinachohitajika ni kuikubali haki ambayo kuku anaitumia kila asubuhi, hata akiwa na kamba mguuni: kuchakura ardhi ya mahali alipo na kutazama kilichofunuka.